KUJITAMBULISHA SI KUJIANIKA



Ndugu wasomaji, wahariri wa jarida letu hili wamekusudia kutenga ukurasa mmoja kila mwezi ambamo familia zetu za hapa Al Thumama na mitaa ya jirani zitajieleza: zimetoka wapi, zimepitia wapi, na zimejifunza nini njiani. Kusudio hilo ni jema. Hata hivyo, tangu habari itangazwe tumesikia kauli mbili zinazopingana. Wako wanaosema, "Mambo yangu ni yangu, mwenzangu atayajua ya nini?" Na wako waliokwisha kuandika kurasa nne au tano, ambazo ndani yake mna mshahara wa mume, maradhi ya mke, ugomvi wa mirathi na jina la jamaa aliyekopa asilipe. Kwa hiyo tumeonelea ni vyema, kabla ya ukurasa huo kuanza, tuzungumze juu ya suali hili: mtu aeleze nini kuhusu nafsi yake mbele ya wasomaji, na anyamazie nini?

Suali hili ni zito kwetu kuliko kwa wenzetu waliobaki nyumbani. Hapa Qatar ukaazi wa wengi wetu umefungamana na kazi. Mkataba ukimalizika, familia hufunga mizigo, nyumba hupata wapangaji wengine, na jirani tuliyefuturu naye miaka minane hatujui hata kijiji alichotoka. Kule kwetu mtu hakuwa na haja ya kujieleza, maana mtaa mzima ulimjua tangu babu yake. Ugenini hakuna mtaa wa kutusemea. Mtoto aliyezaliwa Doha akiulizwa, "Kwenu wapi?" hutaja jina la nchi iliyoandikwa katika pasipoti yake, na hapo maelezo yake hukatika. Si kosa lake. Hakuna aliyemwambia zaidi.

Waliotutangulia

Kujieleza kwa maandishi si jambo geni kwetu. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria, hali akiwa mgonjwa, ili amwachie usia binti yake, Mwana Hashima. Watu wengi huukumbuka utenzi huo kwa mawaidha yake tu. Lakini ndani yake mama huyu anajitaja, anautaja mwaka alioutunga, na anamweleza binti yake namna alivyoishi na marehemu mumewe. Alieleza sehemu ya maisha yake kwa kiasi ambacho usia ulikihitaji: binti alipaswa kujua kwamba anayemuusia ameyaishi anayoyasema. Hakuongeza zaidi ya hapo.

Mfano wa pili unatugusa sisi wahamiaji moja kwa moja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, akabadili dini na jina, kisha akahamia Hamburg, ambako mumewe alifariki mwaka 1870. Akabaki mjane katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo. Mwaka 1886 kilitoka Berlin kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Katika dibaji yake alieleza kwamba mwanzo hakukiandika kwa ajili ya watu wa nje. Alikiandika kwa ajili ya wanawe, kwa kuwa walichokijua juu ya mama yao ni kwamba ni Mwarabu na kwamba ametoka Zanzibar, basi. Naye, kwa uchovu wa mwili na roho, hakutumaini kuishi hadi wakue apate kuwasimulia kwa mdomo.

Njia aliyoichagua mama huyo katika dini yake sisi hatuifuati. Lakini hofu yake ni hofu yetu. Ni wangapi kati ya watoto wetu hapa wanaojua zaidi ya maneno hayo mawili, "Waswahili" na "Mombasa", au "Waswahili" na "Unguja"? Ikumbukwe pia kwamba Salme aliandika juu ya majumba, vyakula, mavazi, sikukuu, na ugomvi wa ndugu zake, lakini yako ya nafsi yake aliyoyapita kimya. Hatutayatafuta. Kunyamaza kwake nako ni sehemu ya uandishi wake.

Wa tatu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Hiyo huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Humo mna safari, pembe za ndovu, vita, deni na faida. Lakini watu waliochukuliwa utumwani katika safari hizo hawapewi nafasi ya kusema. Tunajifunza hapa kwamba mtu anaweza kujieleza kwa urefu sana na bado akawaacha nje wale ambao maisha yake yamesimama juu ya migongo yao. Anayesema kweli juu ya nafsi yake huwataja na aliowategemea.

Baadaye akaja Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika Maisha Yangu alitia huzuni yake ya kufiwa na mkewe, Amina, pamoja na tenzi alizowatungia wanawe. Msiba wa nyumbani kwake aliutoa hadharani, lakini aliutoa kwa heshima ya marehemu. Mwaka 1991 kikatoka kwa Kiswahili kitabu Wanawake Watatu wa Kiswahili, chenye masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, wa matabaka tofauti ya mji, waliohojiwa na kurekodiwa kwa sauti zao. Wao hawakushika kalamu. Walikaa wakazungumza, na leo yeyote atakaye kujua harusi, ngoma na kazi za nyumbani za Mombasa ya zamani hurejea kwao. Na katika Mbali na Nyumbani, kilichotoka mwaka 2013, Adam Shafi wa Zanzibar alisimulia safari za ujana wake alipoondoka kwao akiwania kufika Ulaya. Basi asiseme mtu kwamba kuandika maisha ni mtindo wa Wazungu.

Kipimo cha wanavyuoni

Sasa tuje kwenye kipimo. Wako miongoni mwetu wanaochelea kwamba kujitaja ni riya, yaani kujionyesha. Chelezo hilo lina haki. Lakini dini yetu haikufunga mlango huu. Aya ya mwisho ya Sura ya Dhuha inaamrisha neema ya Mola isimuliwe, na Imamu Suyuti, aliyefariki Misri mwaka 911 Hijria, sawa na 1505, aliandika maisha yake mwenyewe katika kitabu ambacho jina lake limetokana na aya hiyo. Imamu Ghazali naye aliandika Al-Munqidh min ad-Dalal, akaeleza shaka zilizomsumbua na namna alivyozivuka. Hakusimulia ili asifiwe. Alisimulia ili aliyekwama kama yeye aione njia.

Upande wa pili uko wazi vile vile. Imepokewa katika hadithi ya Abu Huraira, ndani ya Bukhari na Muslim, maana yake kwamba umma huu utasamehewa isipokuwa wenye kutangaza maovu yao: mtu hutenda jambo usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, naye kukicha akalifunua mwenyewe. Kwa hiyo aliyofunikwa na Mola wake hana ruhusa ya kuyafunua kwa sababu tu ukurasa una nafasi.

Baina ya mipaka hiyo miwili, wanavyuoni wa hadithi walituachia kipimo kizuri mno. Ili hadithi ikubaliwe, ilibidi ajulikane aliyeipokea: jina lake, mji wake, walimu wake, safari zake, mwaka aliozaliwa na aliofariki, ukweli wake na uthabiti wa hifadhi yake. Ndiyo ilmu ya rijal. Imamu Bukhari mwenyewe, kando ya Sahihi yake, aliandika At-Tarikh al-Kabir, kitabu kikubwa cha habari za wapokezi. Maisha ya watu yaliulizwa, tena kwa undani. Lakini yaliulizwa yale tu yaliyohusu amana ya upokezi. Imamu Nawawi, alipoorodhesha katika Riyadh as-Salihin mahali ambapo inaruhusiwa kumtaja mtu kwa asilolipenda, alilitia hilo la wapokezi kwa ajili ya haja, na haja ikiisha ruhusa nayo huisha.

Kwetu Afrika Mashariki, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefariki Oman mwaka 1982, aliifuata njia hiyo katika kitabu chake juu ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo msomaji hukuta nani alisoma kwa nani, wapi, na nani akasoma kwake.

Basi tukiulizwa kipimo cha ukurasa wetu, tunajibu hivi: eleza kile kinachomwezesha msomaji akujue ni nani anayesema naye, akuamini, na anufaike. Kisichofanya mojawapo ya hayo, kifunike. Anayetushauri juu ya kulea watoto ugenini, tungependa kujua kama amelea. Hatuna haja ya kujua ni mtoto yupi aliyemtoa machozi.

Yasiyo yetu peke yetu

Wengi hudhani kwamba maisha yangu ni mali yangu, kwa hiyo naweza kuyatoa nipendavyo. Lakini hakuna maisha ya mtu mmoja. Nikisimulia ndoa yangu, nimemsimulia na mwenzangu. Nikisimulia dhiki ya ukoo, nimewasimulia na ndugu zangu walioko Tanga au Malindi, ambao hawakuulizwa. Sura ya Nur inatufundisha tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tuombe idhini, na sunna ni kuomba mara tatu, kisha kuondoka iwapo hatukujibiwa. Habari za mtu nazo ni nyumba yake. Tupige hodi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaandika, kwa nia njema ya kuwafariji wenzake, kwamba binti yake wa miaka kumi na minne hukojoa kitandani, na kwamba fulani alimpa dawa ikasaidia. Huenda wapo mama watatu watakaonufaika. Lakini jarida hili huachwa sebuleni, na marafiki wa binti huyo hulisoma. Manufaa yale yangepatikana kwa kuandika, "Tatizo hili limewahi kutufika, na daktari alitusaidia," bila ya kumtaja mtoto wala umri wake. Mwanzo wa aibu ya mtoto usiwe kalamu ya mzazi wake. Aidha, mtoto aliyefikia umri wa kufahamu ana haki ya kusomewa yale yanayoandikwa juu yake kabla hayajatoka, na akisema hapana, basi iwe hapana.

Karatasi ina miguu

Jarida letu hutolewa kwa fotokopi, na baadhi yetu hudhani kwamba karatasi haifiki mbali. Leo mambo si hivyo. Karatasi moja hupigwa picha kwa simu, ikarushwa katika makundi, na kabla ya sala ya Isha imekwisha kusomwa Muscat, London na Toronto. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sababu hiyo yako mambo ambayo hayana nafasi katika ukurasa huu kabisa, hata kama mwenyewe ameridhia. Nambari ya kitambulisho cha ukaazi na ya pasipoti. Nambari ya benki na kiasi cha mshahara. Nambari ya nyumba. Skuli ya mtoto, pamoja na saa anayotoka na nani anayemchukua. Tarehe ya kwenda likizo ya kiangazi, ambayo humwambia asiyetutakia mema kwamba nyumba itakuwa tupu. Jina la mwajiri likiambatana na malalamiko. Tapeli hahitaji mengi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama humtosha kumpigia simu mzee wetu na kujifanya ndiye mwanawe aliyekwama.

Serikali nazo zimeliona hilo. Qatar ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2016, Kenya mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zina faida yake. Lakini sheria humshughulikia aliyechukua taarifa za mwingine bila ya haki. Aliyezitoa mwenyewe, akazitia sahihi na akazigawa kwa fotokopi, amejitia katika shida ambayo si rahisi kwa mwingine kumtoa.

Namna ya kuandika

Tusije tukaogopa kupita kiasi, tukaishia kuandika hivi: "Mimi naitwa fulani. Natoka Pemba. Nafanya kazi Doha. Nina watoto wanne. Ahsanteni." Maneno hayo hayana dhambi, lakini hayana mtu ndani yake. Yangeweza kuwa ya yeyote.

Tuyalinganishe na haya: "Nimezaliwa Wete. Msimu wa karafuu bibi yetu alikuwa akitukalisha usiku juu ya mkeka tuchambue, karafuu upande huu, makonyo upande huu, naye anatutolea hadithi. Mwenye kusinzia alikatiwa hadithi. Mpaka leo nikifanya kazi ya kuchosha hapa Doha, najikuta najisimulia hadithi kimoyomoyo. Wanangu hawajapata kuiona karafuu ikianikwa. Hii ndiyo sababu ninaandika." Katika maneno haya hamna nambari, hamna siri, hamna kujisifu, wala hamna aliyevunjiwa heshima. Hata hivyo, tumemjua mtu. Tumeujua mji wake, bibi yake, kazi yake na huzuni yake. Na mtoto wake akiyasoma baada ya miaka ishirini, atakuwa na la kujibu atakapoulizwa kwao wapi.

Uwanja wa mpira wa mtaa wetu huu, uliofunguliwa Oktoba 2021 na kuchezewa Kombe la Dunia mwaka 2022, umejengwa kwa umbo la gahfiya, kofia ambayo wanaume wa hapa huivaa chini ya kilemba. Watoto wetu waliutambua upesi, kwani babu zao huvaa kofia zinazofanana nayo. Tuitazame basi kofia yetu ya viua. Mshonaji huitoboa vitundu vingi, kila kimoja akakizungushia uzi, hewa ipite na kichwa kipate nafuu. Asiyeitoboa humpa mvaaji joto. Anayeikata vipande amekwisha kuiharibu kofia. Kuandika juu ya nafsi zetu nako ni hivyo: tundu liwepo, na kila tundu lishonwe pembeni.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kila familia iandike ukurasa mmoja, usiozidi. Iutaje mji na mtaa wa asili, mtu mmoja au wawili waliowalea au waliowasomesha, kazi au ufundi mmoja wa ukoo, na jambo moja ambalo ugenini umewafunza. Kila mtu mzima anayetajwa aulizwe kwanza, na kila mtoto asomewe. Marehemu watajwe kwa wema. Kisha karatasi ilale siku tatu kabla ya kuletwa, maana tunayoyaandika kwa uchungu wa usiku mara nyingi hubadilika mchana. Wazee wasioandika wasiachwe: vijana wakae nao baada ya Alasiri, wawaulize, wawaandikie, na kisha wawasomee walichoandika kabla ya kukitoa.

Wenye kusema "mambo yangu ni yangu" nao tunawaheshimu. Hakuna atakayelazimishwa. Tunawaomba jambo moja tu: wakiona uzito kuwaandikia wasomaji wa jarida, wawaandikie watoto wao, waiweke karatasi hiyo pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Siku ya kufunga mizigo haitangazi ujio wake, na tulio nayo vifuani hayaingii katika sanduku la safari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera, azijaalie kalamu zetu kuwa na ukweli na haya, na awape watoto wetu kuijua asili yao.

Wabillahi tawfiq.